Mtoto wa shemeji yangu na ile miezi 15

Safari ya kwanza kwenda kumwona shemeji gerezani nilizuiwa mlangoni kwa sababu ya sidiria yenye waya. Mashine ililia, askari akatikisa kichwa. Tulikuwa tumetoka Chicago usiku, mwendo wa saa 6 hadi kusini mwa Illinois, na mtoto wake wa miaka minne bado ana usingizi begani kwangu. Mama mkwe hakubishana na mtu. Alirudi kwenye gari, akafungua buti, akatoa mfuko: sidiria zisizo na waya, sketi ndefu, soksi za mtoto. Mfuko ule haushuki garini.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa kwa Wamarekani weusi. Katika jimbo hili weusi ni kama asilimia 14 ya wakazi, lakini gerezani wamezidi nusu. Mtaani kwetu ukisema Jumamosi unakwenda huko hakuna anayeshtuka. Utapewa salamu za kumpelekea mwana wa mtu.

Sasa sikiliza kosa letu. Mama wa mtoto aliugua, mtoto akachukuliwa na ustawi wa jamii, nasi tukasema ni kwa muda tu, baba yake akitoka atamfuata. Tulikuja kushtuka mtoto ameshakaa huko miezi 11. Sheria ya Marekani ya mwaka 1997 inataka jimbo lifungue kesi ya kumvua mzazi haki zake mtoto akishakaa mikononi mwa ustawi wa jamii miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Kifungo cha miaka mitatu tu kinatosha kukupotezea mwana! Lakini mtoto akilelewa na ndugu, jimbo linaruhusiwa kuiacha kesi hiyo. Kwa hiyo msisubiri hukumu. Siku ileile anapokamatwa, kaeni kikao mwamue nani atamchukua.

Mwanaanthropolojia Carol Stack alikaa na familia za weusi maskini miaka ya 1960, akaona jinsi watoto wanavyolelewa na nyumba kadhaa za ndugu, na kwamba huo si uzembe, ndio mtandao unaowabeba. Mtu aliyekulia kwa shangazi yake Pangani hahitaji kuelezwa hilo.

Afisa wa ustawi wa jamii ndiye aliyehitaji. Kwenye fomu, penye uhusiano, nilisema mimi ni mama yake mkubwa, maana mume wangu ni kaka wa baba yake. Akaniuliza: kwa damu? Akataka cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya ndugu wote wawili. Vitoeni nakala mapema, mviweke kwenye ule mfuko wa buti.