Mdogo wangu wa Jinja, hiyo milioni 2 usiitume

Salamu tutapeana siku nyingine. Uzi wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, chai imepoa mezani. Una miaka 22, huyo mwanamume wako 39, ana mchumba Mukono, anasema uchumba wenyewe wazee ndio waliomsukumia, na sasa anataka umkopeshe shilingi milioni 2 za kumalizia kiwanja "mpaka gari liuzwe". Halafu unatuuliza utajuaje kama anakupenda kweli, ukubali kazi ofisini kwake au ukatae, umwambie yule mchumba au unyamaze, na ufanyeje usimuote usiku. Mama wee. Umeshatuma? Kama bado, simu iweke chini kwanza.

Mimi yalinikuta Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, 2018. Nilikuwa na miaka 23, najaza makaratasi ya malori kwenye kiofisi cha uwakala wa forodha. Bwana mwenyewe alikuwa na 41, ofisi ya jirani, shati limenyooshwa pasi hata siku ya vumbi. Nilimpenda, tusidanganyane. Ukimwambia Jumatatu kwamba jino linakuuma, Alhamisi atakuuliza, "Lile la kushoto limetulia?" Kwetu tulizaliwa tisa. Hakuna aliyewahi kujua kama mimi nina meno upande wa kushoto.

Kisha ananyamaza. Siku tano, hapokei, hajibu. Mwaka ule serikali ilikuwa imeanza kututoza shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii, nami nililipa kila asubuhi, sabuni nimekopa dukani, ili tu nione kama yuko hewani. Yuko. Hanijibu, lakini yuko. Siku ya sita anakuja na sato wa kukaanga kwenye gazeti, anasema, "Ulinikosea lakini nimekusamehe." Nami naomba radhi kwa kosa nisilolijua huku natoa miiba. Wewe umeandika kwamba wako "hukasirika kidogo halafu huleta zawadi". Nilipofika hapo ndipo niliposimama.

Habari ya mchumba wake hakunificha, na ujanja wenyewe ulikuwa hapo. Anayeficha utamfuma siku moja. Huyu aliniambia wiki ya kwanza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama, nikamwona ndiye mkweli peke yake mpakani pote. Alisema mahari ameshatoa, akivunja itabidi awadai wakwe kila kitu mpaka mbuzi wa mwisho. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Wakati ule nilijua ushuru wa matairi, hayo ya mahari nani angenifundisha?

Shangazi yangu, labda. Dada wa baba, ndiye wa kunikanya, si ndivyo? Alinishika mkono akaniambia, "Mwanamume mwenye mchumba bado hajaoa. Kaza kamba, atageuka." Alisema hivyo akiwa amekalia kilo tano za sukari alizoletewa na huyo huyo bwana. Mpaka leo tukikutana msibani namsalimia kwa heshima zote, napiga magoti kama kawaida, lakini ushauri wake nimemwachia anywee chai.

Basi, hela. Alisema gari lake limekwama bandarini Mombasa, kodi imepungukiwa milioni 3, likitoka linauzwa, anavunja uchumba, tunahamia Tororo. Mimi, ambaye kazi yangu ya kutwa ilikuwa kumwambia dereva "karatasi yako iko wapi?", ambaye niliwahi kurudisha lori zima kwa sababu ya muhuri uliofifia, sikumwomba karatasi hata moja ya hilo gari. Hata namba ya fremu. Nilikwenda kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nikachukua milioni 3 kwa jina langu, mjomba akanidhamini kwa hisa zake. Nilimwambia mjomba ni za cherehani. Hela nikazitoa kwa wakala wa simu, nikakatwa ada na kodi juu yake, nikampa mkononi ndani ya bahasha ya ofisi. Alizihesabu mbele yangu mara mbili. Mwizi makini kuliko mhasibu.

Na kuna jogoo.

Wiki mbili baadaye aliniomba tumnunulie mama yake mgonjwa jogoo mzuri. Tulizunguka soko la Busia tangu asubuhi, kila jogoo anakataa: huyu mwembamba, huyu kilemba kimekatika. Nikampata mwekundu, mkia mweusi unaong'aa kijani juani, shilingi 45,000, nikalipa mimi kwa kuwa yeye "hana chenji". Jogoo alilala kwangu, kamba ya katani mguuni, amefungwa kwenye tendegu la kitanda. Saa kumi alfajiri akawika mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Nikamlisha mtama kiganjani. Nikampa na jina, wacha nisiliseme.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mwenzangu wa ofisini ananionyesha picha ya kwanjula kwenye simu: "Si ni yule jirani yetu?" Kwa walioko Kenya na Tanzania, kwanjula ni siku ya kijana kutambulishwa rasmi kwa wakwe, wanaume kanzu na koti, wanawake gomesi, na miongoni mwa vitu visivyokosekana kwa Waganda ni jogoo wa muko, yaani kaka wa bibi harusi. Kwenye picha muko anacheka, kikapu kimefungwa utepe, na ndani ya kikapu amekaa jogoo wangu. Mwekundu, mkia mweusi. Nyuma yao mikeka, magunia ya sukari, makreti ya soda, milioni 3 zangu zimepangwa kwa mstari. Mahari aliyosema ameshatoa ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwangu.

Nilimpigia. Hakukana. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za jino: "Kwani tuliandikiana?"

Miezi 14 nililipa, 250,000 kila mwezi kutoka mshahara wa 450,000. Nilihesabu maharagwe kwenye sahani. Mjomba alijua siku aliponyimwa mkopo wake wa ada za watoto kwa sababu hisa zake zilikuwa zimeshikiliwa na deni langu, na hakunigombeza, akaniuliza tu cherehani iko wapi.

Sasa sikia, hili ndilo ninalolijua na sina lingine: analokuambia mkiwa wawili, mwambie alirudie mbele ya mtu wa tatu. Lolote. Anavunja uchumba? Alisema mbele ya nani? Anakopa? Kaka yako awepo, iandikwe, watie saini wote. Hii ndoa tunayoililia huku kwetu watu huisema hadharani, kwa msemaji na kipaza sauti na hema la kukodi. Hata kanisani hutangazwa Jumapili tatu ili mwenye neno aseme. Halafu wewe, penzi lako lote linaishi kwenye ujumbe anaokuambia ufute? Wangu alikuwa na sababu tamu kila mara: "Watu wana husuda," "Dada yako hatanielewa." Hakuna hata mtu mmoja, narudia, hata mwenye nyumba aliyeudhiwa na jogoo, aliyewahi kumsikia akisema ananitaka.

Na usinijibu kwamba wako ni tofauti kwa sababu anasali. Wangu aliimba kwaya. Sauti ya pili.

Ulikuwa umeuliza mengine. Kazi ofisini kwake: hapana, ukigombana naye Jumanne mshahara utanuna mpaka Ijumaa. Mchumba wake mimi sikumwambia chochote, na sijui kama nilifanya vizuri. Kuhusu kumuota, sina dawa, mimi bado hugeuka nikisikia mtu akiuliza habari za jino.

Jioni hii akikupigia, mpe simu kaka yako, au iweke kwenye spika dada yako akiwa ameketi hapo. Sema, "Ile habari ya milioni 2 na ya kuvunja uchumba, hebu mweleze na huyu." Kisha rudi hapa utuambie alikata simu baada ya sekunde ngapi.