Jibu: Cheti cha mtambo wa maji taka kutoka nje kinatosha?

Ndugu yangu, umeuliza kama cheti cha uhakiki wa teknolojia ya mazingira (ETV) kutoka Kanada kinatosha kununulia mtambo wa kusafisha maji taka. Usiangalie nembo, soma masharti. Uhakiki huu hausemi mtambo ni bora. Unathibitisha madai ya mtengenezaji tu, kwa maji ya aina fulani, joto fulani na mtiririko fulani. Mtambo uliopimwa kwenye maji ya nyuzi 12 unaweza kufanya kazi tofauti kabisa kwenye joto letu!

Marekani ilianza mpango wake wa uhakiki huu 1995, Kanada 1997, Umoja wa Ulaya ukaanza majaribio 2011, kila mmoja na utaratibu wake. Tangu 2016 kuna kiwango kimoja cha kimataifa cha kuufanya, ISO 14034. Mwombe muuzaji ripoti nzima ya vipimo, hasa kurasa zinazoeleza maji yaliyoingia. Akikataa kuitoa, mimi nisingenunua.