Mguu wa pili hautaki kupanda: maswali yenu kuhusu yunisaikeli ya umeme

Barua za mara hii nyingi zinahusu yunisaikeli ya umeme, ile mashine ya tairi moja unasimama juu yake na pedali mbili za pembeni, haina usukani haina kiti. Nimechagua tano, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi mmekwama palepale.

SWALI: Habari za kazi. Nina mashine ya inchi 16 na hii ni wiki ya pili najifunza. Nikishika ukuta naenda vizuri tu hata mita ishirini, lakini nikiachia mkono inakata kona yenyewe alafu mi niko chini. Miundi yote imevilia damu. Nina miaka 38, sijawahi kuteleza hata na skuta. Niambie ukweli, kuna watu hii kitu haiwakubali? – Aliyechoka na ukuta

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na nashukuru umeandika kabla hujaiuza. Mi sijaona mtu anayeweza kuendesha baiskeli ya kawaida akashindwa kabisa hii, nilioona ni watu waliokata tamaa siku ya tatu, na wewe umeshavuka hapo. Shida yako naiona iko kwenye huo ukuta wenyewe.

Iko hivi. Ndani ya mashine kuna sensa, jairoskopu na akselerometa, kazi yake ni kupima muda wote mashine imeinama mbele au nyuma kiasi gani, na mota iliyo katikati ya gurudumu inasukuma tairi lirudi chini yako. Ndo maana ukiinama mbele inaenda, ukirudisha uzito kwenye visigino inapunguza mwendo. Lakini hiyo ni mbele na nyuma TU. Kulia na kushoto hakuna kinachokushikilia, hapo ni wewe mwenyewe, na unajishikilia kama unavofanya kwenye baiskeli bila kujua, yaani ukianza kuangukia kushoto tairi linageukia kushoto kidogo, linakuja chini yako, unasimama sawa. Sasa ili tairi liweze kuja chini yako lazima liwe linatembea. Wewe ukutani unaenda kwa kunyata, na kazi yote ya kulia na kushoto inafanywa na mkono, kwa hiyo wiki mbili hizi aliyejifunza ni mkono, miguu bado haijafundishwa kitu. Na hiyo kona inayojikata yenyewe ni uzito wako umelalia upande mmoja, nakuhakikishia ukiangalia vizuri utakuta ni ule upande ulikozoea ukuta.

Achana na ukuta kuanzia leo. Tafuta eneo la lami au sakafu ya zege, pana, tambarare, lisilo na magari wala watoto wanaokimbia. Kuna wanaoshauri majani eti ukianguka ni laini, mi sikubaliani kwa mtu anayeanza, majani yanaficha vishimo na tairi linakuwa zito kuzunguka, utahangaika mara mbili.

Alafu anza na mguu mmoja. Hapa nakuomba usiruke hatua, najua inachosha na inaonekana ya kitoto ila ndo kila kitu kilipo. Chagua mguu wenye nguvu, ule unaobaki chini ukiwa unavaa suruali, uweke katikati ya pedali, mashine iegemee ndani ya mguu huo chini kidogo ya goti. Mguu mwingine uko chini. Sasa hamishia uzito WOTE kwenye ule wa pedali, nyanyua wa chini, urudishe. Tena. Tena. Ukizoea anza kusukuma kama mtoto anavosukuma skuta, sukuma, nyanyua, teleza, gusa chini. Mwanzoni utateleza nusu mita, usijali. Lengo ni ufike mita tatu nne ukiwa umesimama na mguu mmoja bila kugusa chini, na uweze kuzunguka duara upande wa huo mguu. Mi nilikaa siku nne nzima kwenye mguu mmoja, majirani wakiniangalia, siku ya tano asubuhi mguu wa pili ukapanda wenyewe nikaenda kama mita kumi na tano, sikuamini.

Huo mguu wa pili ukipanda usiutafutie mahali. Hapa ndo watu wanaanguka, wanainamisha kichwa kuangalia pedali iko wapi, na kichwa kikiinama kifua kinafuata, mashine inakimbia mbele. Mguu ukitua vibaya uache ulivyotua, nenda kwanza, utaurekebisha siku nyingine. Macho yawe mbali, mita kumi mbele au zaidi, magoti yalegee kidogo, mikono iache ipepee inavotaka. Na nenda! Mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kama kilomita 8 hadi 10 kwa saa, ni rahisi kuliko mwendo wa kutembea. Najua moyo unasema punguza, ila ukipunguza ndo inayumba.

Miundi inaumia kwa sababu unaibana mashine kwa nguvu. Vaa soksi ndefu na vile vikinga miundi vya wachezaji mpira, vinasaidia kweli. Mashine nayo ivishe sponji na gundi ya plasta kuzunguka ubavu, maana itaanguka mara nyingi. Unaweza kufunga mkanda kwenye mpini ukaushika mkononi ili ukiruka isikimbie, ila usiuzungushe kwenye kiganja na usiuvute ukiwa juu, utaipindisha.

Mwisho kuhusu muda: dakika 20 zinatosha, kisha pumzika, rudi jioni au kesho. Miguu ikichoka inakakamaa na ikikakamaa hujifunzi chochote. Utashangaa kitu kilichokushinda jana jioni asubuhi kinakubali, usingizi unafanya kazi yake. Niandikie tena ukifika mita kumi, nataka kujua.

SWALI: Shikamoo. Kijana wangu wa miaka 16 ananiomba nimnunulie hiyo mashine. Nimeona video mtu anaenda vizuri tu alafu ghafla anatupwa mbele kama amesukumwa. Hilo limenitisha. Nikatae? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mama. Ulichokiona kwenye video nakijua, na naomba nikueleze vizuri maana wauzaji wengi hawalisemi.

Mashine inakusimamisha kwa nguvu ya mota. Ukiinama mbele, ni mota inayokimbilia mbele kukuzuia usianguke, na kila spidi inavopanda nguvu ya akiba inapungua. Ikifika mahali mota haina tena cha kuongeza na mtu bado anainama, hakuna kinachomshikilia, mashine inabaki nyuma mtu anaenda na uso. Ndo maana mashine zinapiga mlio wa onyo kabla ya kufika hapo, na nyingi zinanyanyua pedali kwa mbele ili kumrudisha mtu nyuma. Mlio ukisikika unapunguza papo hapo, taratibu, hubishani nao hata sekunde moja. Na kuna hili la betri: chaji ikipungua, volteji (msukumo wa umeme unaoenda kwenye mota) nayo inashuka, kwa hiyo spidi ambayo asubuhi ilikuwa salama, jioni betri ikiwa asilimia 20 inaweza isiwe salama. Pia wanaojaribu kuondoka kwa nguvu kutoka kusimama au kupanda kilima kikali kwa pupa wanaweza kuanguka vilevile hata kwa spidi ndogo.

Mi sikwambii ukatae mama, nakwambia uweke masharti. Mashine nyingi za sasa zina programu ya simu ambayo unaweza kuweka kikomo cha spidi na wakati mlio uanzie, wewe ndo ukiweke, kiwe chini miezi ya kwanza. Pili, vikinga vya viganja kabla ya vyote. Mtu akianguka mikono inatangulia, hakuna anayeweza kuizuia, na kifundo cha mkono kinavunjika hata kwa kuanguka kwa mwendo wa kutembea. Alafu helmeti, na akianza kukimbia zaidi iwe ile inayofunika mpaka kidevu, kwa sababu huku watu wanaangukia mbele. Pedi za magoti na viwiko pia. Avae kila siku, hata akienda pale tu, hapo pale tu ndipo watu wanapoumia. Na kabla hujalipa uliza sheria ya mahali mnapoishi, kuna nchi haziruhusu hizi mashine kabisa barabarani wala kwenye njia za waenda kwa miguu, na nyingine zina masharti ya umri.

SWALI: Mi naendesha yunisaikeli ya kawaida ya sarakasi miaka mingi. Hii ya umeme si ndo ileile? Nitaipanda siku moja? – Wa sarakasi

JIBU: Nusu ni ileile nusu siyo. Kulia na kushoto umeshajua, hapo uko mbele ya wenzako wote. Lakini kwenye yako mbele na nyuma unashika mwenyewe kwa kukanyaga, na mwili wako umezoea kujirekebisha kwa miguu kila wakati. Huku hutakiwi kufanya hivo, unasimama tuli unaiachia mashine, na hilo litakusumbua. Isitoshe hii haina kiti, Shane Chen alipoitoa Solowheel Marekani mwaka 2011 ndo ilikuwa hivo, mtu anasimama tairi likiwa katikati ya miguu, na nyingi mpaka leo zinafuata umbo hilo. Jipe siku mbili tatu, na usikasirike.

SWALI: Nishaweza kwenda ila dakika kumi tu nyayo zinawaka moto, zinakufa ganzi. Na nikifunga breki tairi linatikisika kushoto kulia kwa kasi naogopa. – Wa nyayo

JIBU: Yote mawili yanatoka sehemu moja, umekakamaa. Anayejifunza anakunja vidole vya miguu ndani ya viatu kama anataka kuishika pedali, bila kujua. Lega. Vaa viatu vyenye soli bapa na ngumu, simama kila baada ya dakika chache utembee kidogo, na jaribu kusogeza mguu mbele au nyuma sentimita moja maana ukikaa vibaya kila uzito unaenda sehemu moja. Baada ya wiki kadhaa maumivu yanapungua sana.

Huo mtikisiko unawapata wengi wakifunga breki. Kunja magoti, shusha makalio kama unataka kukaa kwenye kiti, uzito uende visiginoni pole pole badala ya kujirusha nyuma na mwili ulionyooka. Ukianza kutikisika ukiwa kwenye mwendo, weka uzito zaidi mguu mmoja na kata kona ndogo ndogo huku unapunguza, unatulia. Usiibane kwa magoti kwa hofu, kwa wengi inazidi. Na angalia upepo wa tairi, kitabu cha mashine kinasema kiwango kulingana na uzito wako, kila mtu anasahau hiki.

SWALI: Naishi juu ya mlima. Nachaji mpaka asilimia 100 nikitoka tu nateremka, na mashine inapiga kelele. Mbovu? – Wa mlimani

JIBU: Sio mbovu, na nafurahi umesikia hizo kelele. Ukifunga breki mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa huo umeme hauna pa kwenda, volteji inapanda kupita kiwango, mashine inakuonya na ukiendelea inaweza kunyanyua pedali au kujizima ukiwa juu. Chaji mpaka 85 au 90 hivi kisha teremka, asilimia zilizobaki uchajie huko chini. Siku ukisahau ikajaa, shuka uivute kwa mpini mpaka njia inyooke.