Nitazame Nini Jumamosi? Majibu kwa Wapenda Senema

Maswali ya mara hii mengi ni ya filamu, na karibu yote yanataka jina tu: "nipe movi kali." Jina pekee halisaidii kama sijui utakaa na nani mbele ya televisheni. Nimewajibu kwanza waliolisema hilo wazi.

Niko kidato cha tano. Tunasoma *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, na wenzangu wanasema nikitazama filamu yake sina haja ya kukimaliza kitabu. Kweli? – Mwanafunzi, Kikwajuni

Wanakudanganya, mwanangu, na chumba cha mtihani kitakuumbua. Filamu hiyo ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, haikukusudia kukifuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Imeshika zaidi uzi wa Yasmin na Denge: msichana wa Kihindi aliyeozwa mume wa makamo asiyempenda, akamkimbia, na kijana wa harakati anayesakwa na serikali ya Mwingereza. Riwaya ina nafasi ya kumfuata Yasmin mpaka Mombasa, ya kumwachia Mwajuma, rafiki yake, aseme atakavyo, na ya kutuchekesha na makachero wanaojiona wajanja. Filamu ya saa moja na nusu ikijaribu kubeba yote hayo itageuka mbio za kupokezana vijiti.

Sasa ukishakimaliza kitabu, itafute. Mimi nimeirudia karibuni na imenipendeza zaidi kuliko mwanzo. Haina papara. Kamera inatulia kwenye kuta zilizobanduka chokaa na kwenye vichochoro unavyopita kila siku bila ya kuviangalia. Ikhlas Gafur Vora, aliyecheza Yasmin, hasemi mengi, lakini ukiutazama uso wake unajua lini ameamua jambo. Mwajuma amechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarab, na anapofungua kinywa kuimba unaelewa kwa nini Yasmin alikimbilia kwake Ng'ambo.

Kasoro yake kwangu ni kwamba siasa zimepita kasi. Asiyejua Zanzibar ya miaka ya 1950 atamuona Denge anawindwa tu, asijue khasa anagombania nini. Hapo kitabu kinaizidi filamu. Na nalisema hili kwa sababu naona tuna tabia ya kuisifu kila filamu iliyochezwa kwetu kwa kuwa ni yetu. Hii haihitaji huruma hiyo. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Kabla yake tulikuwa tumepeleka moja tu, *Maangamizi* ya 2001. Filamu ya namna hiyo inastahiki kusemwa kama ilivyo.

Jambo moja la pembeni: usiitazame na bibi yako. Mapenzi ya Yasmin na Denge hayakufunikwa kanga.

Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Likizo imefika na televisheni haizimwi. Nataka filamu isiyo na damu wala mabusu, na mimi mwenyewe nisisinzie. – Mama, Chake Chake

Dada yangu, ningeruhusiwa kutaja filamu moja tu katika safu hii nzima, ningetaja hii: *Children of Heaven* ya Majid Majidi, kutoka Iran, ya mwaka 1997. Hakuna gari linaloruka wala jengo linalolipuka. Ali, mtoto wa skuli, amekwenda kumshonea viatu dada yake Zahra kwa fundi, akapita dukani kuchukua viazi, akaviweka viatu nje, na vikapotea. Baba hana pesa ya kununua vyengine. Basi watoto wanakubaliana wasiseme, na wagawane raba za Ali: Zahra anakwenda skuli asubuhi, Ali mchana, na njiani wanakutana wakivuana viatu mbio mbio.

Wanao, kama wamesoma skuli zenye mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana, hawatahitaji kuelezwa chochote. Watamuona Zahra anatoka darasani anakimbia na raba zinazompwaya, kimoja kinamchopoka na kuangukia mtaroni, maji yanakichukua, naye anakifukuza. Ni kiatu tu kinachoelea kwenye maji machafu, lakini niliona watu wazima wamenyanyuka kwenye mkeka wanasema "kamata, kamata!"

Halafu yanakuja mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu. Ali anataka awe wa tatu. Si wa kwanza, wa tatu! Yaliyotokea sikwambii. Ndiyo filamu ya kwanza ya Iran kuteuliwa kuwania Oscar.

Inazungumzwa Kiajemi, na maandishi ya chini mara nyingi huwa ya Kiingereza. Msomee mdogo mwanzo tu, mpaka viatu vipotee. Baada ya hapo atafuata mwenyewe kwa macho.

Mkubwa wako akishaipenda, mpe *Wadjda* ya 2012, ya Haifaa al-Mansour. Binti wa Riyadh anataka baiskeli ya kijani aliyoiona dukani, hana pesa, akaamua kuingia mashindano ya Qur'ani ya skuli ili apate zawadi ainunue. Mkurugenzi alikuwa mwanamke, na Saudia ya wakati ule haikuwa rahisi kwake kusimama barabarani akiwaamrisha wanaume, kwa hivyo sehemu za nje aliziongoza akiwa ndani ya gari, kwa redio ya mkononi. Baada ya filamu mtabishana kuhusu nia ya yule mtoto kuhifadhi Qur'ani kwa ajili ya baiskeli. Wacha mbishane.

Kaka yangu amesoma chuo, ananicheka kwa kutazama movi za kutafsiriwa na DJ. Anasema najiharibia. Mimi bila ya DJ naona zimepooza. Nani mkweli? – Kijana, Mwanakwerekwe

Nyote wawili mna haki, inategemea mmeweka nini.

Kwenye movi ya mapigano, DJ ni nusu ya starehe. Anakupa jina la stelingi, anamsemea jambazi, anatia kichekesho cha mtaani pale wenyewe waliponyamaza, na mtu asiyejua Kiingereza wala Kichina anatoka kibandani akiwa ameelewa kisa. Hiyo ni kazi ya usimulizi, na hadithi za bibi zetu nazo zilikuwa na chumvi. Kaka yako asiidharau.

Lakini DJ anaogopa kimya. Mhusika akikaa dakika nzima anatazama dirishani, DJ lazima atie neno, maana analipwa kwa kusema. Sasa filamu ambayo kimya ndicho kinachosema, kwa DJ inakufa. Ile ya viatu niliyomtajia dada wa Chake Chake, usiitafute kwa DJ hata siku moja.

Jaribuni kutazama pamoja *Supa Modo* ya 2018, ya Likarion Wainaina wa Kenya. Sehemu kubwa ni Kiswahili, hutahitaji mkalimani. Msichana Jo ni mgonjwa ambaye hatapona, anapenda filamu za mashujaa wanaoruka, na kijiji kizima kinaamua kumfanyia filamu awe shujaa yeye. Kijijini humo yumo na DJ wa kibanda cha video. Kaka yako na digrii yake atalia kabla yako, namjua mtu wa namna hiyo.

Mimi ni mtu wa zamani, wa zama za Raj Kapoor na Nargis. Tulikuwa tukivuka kuja Unguja tunakwenda senema za Empire na Majestic. Hizi za Kihindi za siku hizi ni misuli na bunduki. Ipo yoyote ninayoweza kukaa na mke wangu? – Mzee, Wete

Shikamoo, mzee wangu. Ipo, na haina bunduki hata moja: *The Lunchbox* ya Ritesh Batra, ya 2013.

Mumbai kuna watu kazi yao ni kuchukua vyakula majumbani na kuvifikisha maofisini, maelfu ya mikebe kila siku, na sifa yao ni kwamba hawakosei. Katika filamu hii wamekosea. Mke wa nyumbani aitwaye Ila, ambaye mumewe hamtazami tena usoni, anapika kwa kujikaza ili amrudishe, na mkebe unakwenda kwa mtu mwengine kabisa, mwanamume mjane anayekaribia kustaafu. Jioni mkebe unarudi umelambwa. Mumewe akisharudi nyumbani, bibi huyo anagundua kwamba si yeye aliyekula. Siku ya pili anatia barua fupi chini ya chapati. Na yule mjane anajibu.

Mjane ni Irrfan Khan, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2020. Mtazame anavyofungua ule mkebe siku ya kwanza: anautazama, ananusa, anatazama tena kama aliyeletewa barua ya serikali. Hakusema neno. Na mkeo atampenda shangazi wa ghorofa ya juu, ambaye filamu nzima hatumuoni, tunamsikia tu anavyofundisha mapishi kwa kupiga kelele dirishani na kuteremsha viungo kwa kikapu cha kamba. Mji Mkongwe mzima unamjua shangazi huyo.

Nakutahadharisha kwa mambo mawili. Hakuna ngoma wala nyimbo za kwenye majani, na mwisho haukufungwa fundo. Mke wako atauliza "sasa vipi?" nawe utalazimika kutoa rai yako.

Wajukuu wakiwa wamekuja, weka *Dangal* ya 2016. Baba mpiga mieleka anawafundisha binti zake mieleka, kijiji kinamcheka, na kisa chenyewe kimetokana na ukweli: Geeta Phogat alishinda dhahabu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, 2010. Aamir Khan alinenepa kweli kweli kwa ajili ya nafasi ya baba mtu mzima. Ndefu kidogo, kwa hivyo wekeni baada ya Isha, si kabla.

Kila Ramadhani nyumbani ni *The Message*, ile filamu ya kuja kwa Uislamu, na *The Message* tena. Nyengine hakuna? – Msomaji, Mkoani

Kwanza, mnatazama ipi? Moustapha Akkad alizipiga mbili kwa pamoja, ya Kiingereza ambayo Hamza, ami yake Mtume, ni Anthony Quinn, na ya Kiarabu ambayo Hamza ni Abdullah Gaith. Zote ni za 1976, na zote mbili Mtume (S.A.W.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Kama mmezoea ya Kiingereza, ya Kiarabu itakuwa mpya kwenu. Mimi ndiyo ninayoipenda zaidi.

Baada ya hapo tafuteni *Lion of the Desert* ya 1981, ya Akkad huyo huyo. Ni habari ya Omar Mukhtar wa Libya, mwalimu wa Qur'ani aliyepigana na Wataliani hadi wakamnyonga mwaka 1931. Italia iliizuia kwa miaka mingi. Iangalieni miwani ya mzee tangu mwanzo mpaka mwisho. Ina vita na kunyongwa, watoto wadogo walale kwanza.

Rafiki yangu akishatazama filamu hunihadithia yote mpaka mwisho, hata nikimwambia bado sijaiona. Nimfanyeje? – Dada, Jang'ombe

Umpeleke kwa DJ, kazi ipo. Au mtangulie kutazama.

Nataka kwenda tamasha la filamu Ngome Kongwe kwa mara ya kwanza. Orodha ni ndefu na majina siyajui. Nichague vipi? – Mwanachuo, Tunguu

Tamasha hilo la Nchi za Jahazi lilianzishwa 1997, na kosa la wengi wanaokwenda mara ya kwanza ni kukimbilia filamu kubwa ya usiku wa ufunguzi. Hiyo utaipata baadaye kwa njia moja au nyengine. Anza na filamu fupi na za maisha halisi, maana hizo zikishaonyeshwa hutajua tena pa kuzitafuta. Ile ya Andy Jones juu ya Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, *As Old As My Tongue* ya 2006, ni mfano mzuri. Sote tulidhani tunamjua bibi yule, na wengi wetu tulikuwa tunayajua mashairi yake tu.

Soma maelezo ya mistari miwili yaliyopo chini ya kila jina. Yakisema filamu ni ya "upendo, matumaini na ndoto", iruke. Yakisema ni ya mvuvi aliyeibiwa mashine ya boti, ingia. Na kama mkurugenzi yupo, baki baada ya filamu umuulize. Wengi huwa wamekaa peke yao wanasubiri mtu awasemeshe.

Ngazi za pale ni za mawe, chukua mto au kanga ya kukunja. Filamu ya mwisho inaweza kuchelewa sana usiku, na wewe unarudi Tunguu, kwa hivyo panga gari ya kurudia kabla hujakata tiketi.