Nilimwambia mke wangu nimeacha vepu, kumbe bado navuta

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 28, mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Nilipokuwa chuoni nilivuta shisha na wenzangu, na ilipopigwa marufuku mwishoni mwa mwaka 2017 nikahamia sigara. Miaka 4 iliyopita nikashika sigara ya kielektroniki, hii tunayoiita vepu, nikiamini nimepata nafuu. Sasa navuta tangu ninapofumbua macho: kwenye foleni ya feri ya Likoni, msalani kazini, hata kitandani mke wangu akiwa amelala. Yeye ni mjamzito wa miezi 5. Mwezi uliopita nilimwambia nimeacha, na kweli nilikitupa kifaa baharini nikiwa juu ya feri, lakini kesho yake jioni nikanunua kingine. Juzi amekikuta katika mfuko wa kanzu yangu, akaniuliza swali moja tu: "Ukiweza kuniongopea hili, utaniongopea lipi tena?" Kinachonishangaza ni kwamba Ramadhani nafunga mwezi mzima bila taabu. Je, niache ghafla au polepole? Na nimwambie nini mke wangu, ilhali nina kingine kipya nimekificha chini ya kiti cha gari?

Marahaba, mwanangu. Swali la mke wako nitalifikia mwishoni, kwa kuwa jibu lolote utakalompa sasa hivi, ukiwa huna mpango mkononi, litakuwa ahadi ya pili juu ya ile iliyovunjika. Siku ile kwenye feri uliamua, lakini hukujiandaa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kwanza kifahamu hicho unachoshindana nacho. Sigara ya kawaida, pamoja na ubaya wake wote, ina mwisho: huwashwa, huungua, moto ukifika kwenye kichungi mvutaji huizima na kurudi kwenye shughuli zake. Vepu haina kipisi wala majivu, harufu yake ni ya embe au mnanaa, na mtu huvuta mara mbili akairudisha mfukoni, akaitoa tena baada ya dakika tano, hata jua linapotua hawezi kusema amevuta kiasi gani. Zaidi ya hayo, nyingi hutumia nikotini iliyochanganywa na asidi ili isikwaruze koo, kwa hiyo mwili wako umenyang'anywa hata kile kikohozi ambacho kingekuambia basi. Soma ubavuni mwa kifaa chako: kikiandikwa asilimia 5, maana yake ni miligramu 50 za nikotini katika kila mililita, ilhali Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20. Ndiyo maana naona usianze kwa kuacha, bali uanze kwa kukirudishia kifaa hicho mipaka ambayo hakikuumbwa nayo.

Hapo ndipo Ramadhani yako inapotufaa, ingawa si kwa namna unayodhani. Unakaa zaidi ya saa 13 bila kuvuta, na unakaa kwa utulivu, kwa sababu nia umeitia usiku na mchana hakuna tena mjadala kati yako na mfuko wako. Hilo ni fundisho kubwa. Lakini jioni, baada ya futari, unavuta na kuulipa mwili deni lake lote, kwa hiyo katika mwezi mzima hujawahi kuifikia siku ya pili na ya tatu bila nikotini, ambazo kwa kawaida ndizo ngumu kuliko zote. Arosto unayoijua wewe ni ya mchana mmoja. Ulipotupa kifaa baharini ulikutana na ile nyingine, ukadhani wewe ni dhaifu, kumbe ulikuwa mgeni tu katika nchi ambayo hujawahi kulala.

Kwa hiyo jibu langu ni polepole, lakini polepole yenye tarehe. Kuna wanaoweza kuacha kwa siku moja na wakasimama imara, nami siwapingi, ila wewe umekwisha kujaribu njia hiyo. Chagua siku iliyo wiki tatu kutoka leo, na kwa kuwa wewe ni mhasibu, isiangukie mwisho wa mwezi unapofunga hesabu. Wiki ya kwanza usipunguze chochote. Andika tu kila unapovuta, saa ngapi, wapi, na ulikuwa unahisi nini, kwani kazi ya vitabu unaiweza kuliko wengi wetu. Utagundua kwamba zipo mara chache mwili wako unapoidai nikotini kwelikweli, hasa asubuhi, kwa vile nusu yake hutoka katika damu kwa muda wa takriban saa 2 na usiku kucha hukuongeza nyingine. Zilizobaki ni mkono tu uliozoea kwenda mfukoni kila foleni inaposimama.

Wiki ya pili anza kufunga milango. Nyumbani hapavutwi tena, na hili lianze usiku wa leo bila kungoja wiki yoyote, kwa sababu nikotini hudhuru ukuaji wa ubongo na mapafu ya mtoto aliye tumboni, na mke wako hakuchagua kuuvuta mvuke wako. Kisha funga kitanda, funga msala, funga gari, hadi pabaki mahali pamoja pasipo na raha, tuseme nje ya ofisi juani, ambapo utavuta ukiwa umesimama, kwa saa ulizojipangia. Ukinunua tena, nunua yenye nikotini ndogo kuliko uliyonayo, lakini hesabu mivuto, maana mwili ni mjanja: ukipunguziwa nguvu huomba idadi. Na tafadhali usikitupe tena kifaa baharini wala jalalani. Kina betri ya lithiamu inayoweza kushika moto, na samaki wa Likoni hawakukukosea kitu.

Nenda pia duka la dawa uzungumze na mfamasia, tena kabla ya ile siku, si baada ya kushindwa. Yapo mabandiko na chingamu za nikotini, ambazo zilibuniwa kwa wavuta sigara na ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Bandiko huingiza nikotini taratibu kupitia ngozini, na chingamu hutumiwa hamu inapopanda. Wengi huikosea chingamu hiyo kwa kuitafuna kama bazoka. Hutafunwa kidogo hadi ulimi uhisi mwasho, kisha huegeshwa kati ya fizi na shavu, na mwasho ukiisha hutafunwa tena. Kwa robo saa kabla yake, na wakati iko mdomoni, usinywe kahawa tungu, soda wala maji ya ukwaju, kwa sababu uchachu huzuia nikotini isipenye kinywani. Kama una shinikizo la damu au maradhi ya moyo, mwone daktari kwanza. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye, NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina namba 1192 ambayo haitozwi malipo.

Siku yenyewe ikifika, tarajia hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, na akili isiyotulia juu ya karatasi. Kilele huwa katika siku hizo mbili tatu nilizokutajia, na nyingi ya shida hizo hulegea ndani ya wiki tatu au nne. Hamu yenyewe ikija haikai. Huchukua dakika chache kisha ikashuka, uvute usivute. Kwa dakika hizo mkono na mdomo vitafutiwe kazi: mswaki wa mti, ubuyu, kipande cha tangawizi, glasi ya maji baridi. Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, nakukataza waziwazi, kwa kuwa nawajua vijana wa barazani wanavyoacha kimoja kwa kushika kingine, na kwa wengi sigara hufuata papo hapo. Hao rafiki zako wanaovuta usiwakimbie milele, ila kwa mwezi wa kwanza kutana nao msikitini au kwenye mpira, si barazani usiku. Ukiteleza ukavuta mara moja, andika kilichotokea kwenye daftari lilelile na uendelee na siku yako. Usikitumie kivuto kimoja kama kisingizio cha kununua kifaa kizima.

Sasa mke wako. Mwambie leo, usingoje ufaulu, kwa sababu kilichomuumiza zaidi ni kufichwa, na wiki tatu nyingine za kuficha, hata kwa nia njema, zitakuwa uongo uleule uliovaa kanzu nyingine. Usimgeuze askari wa kukupekua mifuko. Ana mimba ya kubeba, na mume anayelindwa na mkewe hujifunza kuficha vizuri zaidi. Muombe jambo moja dogo, kwa mfano akuvumilie ukiwa mkali siku zile tatu, na umwahidi kwamba ukiteleza atalisikia kwako kabla hajaliona mwenyewe. Mkubaliane pia kwamba hakuna chupa wala kifaa cha nikotini kitakachobaki nyumbani mtoto atakapoanza kutambaa, kwa kuwa kimiminika hicho ni sumu kwa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Na hicho kipya kilicho chini ya kiti cha gari, kitoe kabla hujaanza kusema neno, ukiweke mezani mbele yake kikiwa bado kimefungwa, kisha umtajie tarehe.