Hakuwa mwajiriwa, ndo maana anastahili zaidi

Ndugu umeuliza kwa nini zimamoto wa kujitolea azikwe kwa gwaride kama askari wakati hata mshahara hakuwa analipwa, mi naona hapo hapo ndo jibu lilipo. Chukua wale wawili wa Australia, Geoffrey Keaton na Andrew O'Dwyer, walikuwa kikosi cha Horsley Park, jimbo la New South Wales. Tarehe 19 Desemba 2019 usiku wako kwenye gari lao la zimamoto karibu na Buxton, mti ukaanguka ukaligonga, gari likaacha njia na kupinduka, wakafa wote wawili na wenzao watatu wakaumia. Mmoja ana miaka 32 mwingine 36, kila mmoja kaacha mtoto mdogo. Kule vijijini moto wa msituni unazimwa na hao hao wa kujitolea, wako zaidi ya 70,000, mtu ana kazi yake na familia yake, akiitwa anaenda.

Kwenye maziko ya Keaton, Shane Fitzsimmons aliyekuwa kamishna wao wa zimamoto alipiga goti akambandika nishani mtoto wa Keaton, katoto hata miaka miwili hakajafika, kamevalishwa yunifomu ndogo ya zimamoto na chuchu ya plastiki iko mdomoni, na siku chache baadae kwenye maziko ya O'Dwyer binti yake akaja na helmeti ya baba yake kichwani, imemzidi kabisa. Mi ile picha ya helmeti mpaka leo siwezi kuitazama mara mbili.