Jibu: Gavana aliyekuwa mkuu wa chuo kikuu

Salaam, ndugu yangu wa Kisauni. Umekwama kwenye insha: Mitch Daniels, aliyekuwa gavana wa jimbo la Indiana, Marekani, aliupataje ukuu wa Chuo Kikuu cha Purdue ilhali hakupanda ngazi za uhadhiri? Mimi nikiandika habari za wanasiasa huanza na hili: nani alimteua? Hapa ni bodi ya wadhamini, na wengi wao aliwateua yeye mwenyewe akiwa gavana. Usilifiche hilo. Alichaguliwa 2012, akaingia Januari 2013 muhula wake wa ugavana ulipokwisha.

Halafu karo, hapo ndipo ukae. Kwa wakazi wa Indiana ilibaki dola 9,992 kwa mwaka hadi alipoondoka mwisho wa 2022. Mzazi yeyote wa Mombasa aliyepanga foleni benki kulipa karo ataelewa uzito wake. Hesabu alizizoea: 2001 hadi 2003 alikuwa mkurugenzi wa bajeti wa Rais George W. Bush.